Kitasa Kinachogoma: Mwongozo Kamili wa Kusafisha na Kurekebisha Kitasa cha Silinda

Ufunguo unapoanza kukwama, wengi wetu hapa Dodoma hukimbilia mafuta. Yanaweza kuwa ya cherehani, ya injini, hata ya kupikia, yote humiminwa kwenye tundu la ufunguo. Kitasa hulainika siku hiyohiyo. Baada ya wiki chache kinakuwa kigumu kuliko mwanzo, mafuta yanaongezwa, na mwishowe mlango unavunjwa au kitasa kizima kinatupwa. Wasomaji waliopita njia hiyo ni wengi, na vitasa vyao vingi vingepona kwa spiriti, brashi ya meno na penseli.

Mwongozo huu ni wa kitasa cha silinda, kile chenye ufunguo mfupi bapa wenye meno. Kama ufunguo wako ni mrefu, una shina la duara na kipande bapa mwishoni, hicho ni kitasa cha aina nyingine. Hatua ya 6 na ya 8 zitakufaa, zilizobaki hazikuhusu.

Fanya kazi hii kwenye mlango wako, au wa mtu aliyekuomba. Mpangaji amweleze mwenye nyumba kwanza.

## Vifaa vya kuandaa

Viweke vyote karibu kabla hujagusa skrubu hata moja. Kitasa kikishafunguliwa, mlango haufungiki, na hutaki kuuacha wazi ukakimbilia dukani.

- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa, za saizi ya skrubu zako. Bisibisi ndogo kuliko skrubu hula kichwa chake.
- Spiriti ya duka la dawa. Dondosha tone moja kwenye kioo, liache likauke. Likiacha utelezi, lina mafuta ndani, tafuta nyingine.
- Bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, la kupulizia spiriti kwenye tundu dogo.
- Pampu ya baiskeli.
- Brashi ya meno ya zamani na kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi.
- Unga wa grafiti (unga mweusi mkavu wa kulainishia, kitu kilekile kilichomo kwenye risasi ya penseli), kama duka la vifaa vya ujenzi au fundi wa funguo anao. Ukikosa, penseli laini ya 2B, 4B au 6B. Penseli ya HB ya shuleni ina udongo mwingi zaidi ndani ya risasi yake, itumie ukiwa huna nyingine.
- Grisi kidogo, kiasi cha kunde. Hii ni ya kasha tu, haiingii kwenye silinda.
- Chaki, rula, tupa bapa, na sahani ya kuwekea skrubu.
- Simu, ya kupiga picha kila kitu kabla ya kukitoa.

Petroli usiitumie. Inawaka upesi mno kwa kazi ya ndani ya nyumba. Mafuta ya taa nayo yanasafisha, lakini huacha utando wa mafuta, na utando huo ndio tunaoukimbia.

## Kilichomo ndani

Usiruke sehemu hii. Ukiielewa, utajua mwenyewe kwa nini kila hatua inafanywa, na fundi akikwambia "kitasa kimekufa" utaweza kumuuliza kimekufa wapi.

Fungua mlango uutazame ubavuni. Utaona bamba la chuma lenye skrubu juu na chini. Katikati yake unatokeza ulimi wa mteremko, ule unaorudi ndani ukibamiza mlango. Chini ya ulimi kuna komeo, linalotoka ukizungusha ufunguo. Ulimi na komeo vinakaa ndani ya kasha, sanduku jembamba la chuma lililozama kwenye ubao. Silinda ni kitu kingine. Hiyo ndiyo inayopokea ufunguo, nayo inapita katikati ya kasha kutoka upande mmoja wa mlango hadi wa pili. Katikati ya silinda kuna kidole kinachozunguka na ufunguo, na kidole hicho ndicho kinachosukuma komeo.

Kwa hiyo kuna vitu vinne vinavyoweza kuugua: ufunguo, silinda, kasha, na mlango wenyewe pamoja na fremu yake. Dawa ya kimoja si dawa ya kingine.

Sasa tuingie kwenye silinda. Sehemu yake ya juu ni ya duara, na ndani ya duara hilo kuna kiini kinachozunguka. Chini ya duara linaning'inia tumbo jembamba. Kwenye kiini na kwenye tumbo vimetobolewa vijitundu vinavyotazamana, mara nyingi vitano au sita kwa kila upande. Kila kijitundu kina pini mbili na springi moja. Pini ya juu ndiyo inayogusa ufunguo, na urefu wake hutofautiana kijitundu hadi kijitundu. Chini yake kuna pini ya pili, na chini kabisa springi inayozisukuma zote mbili kwenda juu.

Ufunguo usipokuwamo, springi huinua pini ya chini mpaka ikae nusu kwenye tumbo na nusu kwenye kiini. Hapo kiini kimefungwa, hakizunguki. Ukiingiza ufunguo sahihi, kila jino linaishusha pini yake mpaka pale pini mbili zinapokutana palingane na ukingo wa kiini. Zikilingana zote, hakuna pini iliyokanyaga mpaka, na kiini kinazunguka. Ikibaki moja tu imevuka, kiini hakisogei hata kidogo. Tofauti ya kimo kati ya jino na jino ni kama nusu milimita. Uchafu kidogo tu au jino lililolika unatosha kuharibu hesabu yote.

Angalia tena pini zilivyokaa: springi ziko chini, ufunguo uko juu. Maana yake vumbi lolote linaloingia kwenye tundu linaangukia pini moja kwa moja. Na sisi tunaishi na vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo unavuma kwenye mitaa ambayo mingi bado haina lami, na mwenzako wa Singida au Manyoni hana nafuu. Vumbi kavu peke yake hutoka kwa kupulizwa. Likikuta mafuta, linageuka uji mzito unaoganda kwenye vijitundu, springi inashindwa kuinua pini, na pini inabaki imekwama mahali si pake. Ndiyo maana mafuta hukufurahisha siku ya kwanza na kukuadhibu baadaye.

## Hatua ya 1: Jua kinachougua

Fanya kazi mchana, mlango ukiwa wazi, umezuiliwa kwa jiwe usijifunge kwa upepo. Hakikisha hakuna ufunguo uliochomekwa upande wa ndani, kwa sababu silinda nyingi hazikubali ufunguo wa nje wakati wa ndani umo. Wapo waliobadilisha kitasa kizima kwa sababu hiyo tu.

Sasa ingiza ufunguo, uzungushe taratibu, usilazimishe. Ufunguo umetengenezwa kwa madini laini na hukatika kirahisi kuliko unavyodhani.

Mlango ukiwa wazi unazunguka vizuri, ukifungwa unagoma. Silinda haina kosa. Komeo halioni tundu lake kwenye fremu. Nenda hatua ya 8. Tatizo hili limeenea kuliko yote, na ndilo watu wanalolimiminia mafuta zaidi.

Ufunguo mmoja unagoma, mwingine wa mlango huohuo unafanya kazi. Ufunguo ndio mbovu. Nenda hatua ya 9.

Unaingia kwa kukwaruza, au hauishii mwisho. Uchafu uko kwenye silinda. Anza na hatua ya 3.

Unaingia wote, lakini unazunguka kwa nguvu hata mlango ukiwa wazi. Hatua ya 2, kisha ya 3.

Unazunguka bure, komeo halisogei. Kidole cha silinda kimevunjika, au kasha limeachia ndani. Nenda hatua ya 4 ukaone ni kipi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja kwa sauti kitu kimoja kati ya vile vinne. Kama huwezi, rudia majaribio. Usiendelee kwa kubahatisha.

## Hatua ya 2: Legeza skrubu kabla ya kulaumu silinda

Mikono ya kitasa imeshikwa na skrubu zinazopenya mlango. Fundi akizikaza kupita kiasi, mabamba ya mikono yanabana kasha, na kila kitu ndani kinakuwa kizito. Vivyo hivyo ile skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, usawa na silinda: ikikazwa sana inaivuta silinda upande.

Legeza kila moja nusu mzunguko, ukijaribu ufunguo kila mara. Ukilainika ghafla, umepata mchawi. Kaza tena kidogokidogo na uishie pale kitu kinaposhika bila kubana. Skrubu za mikono zikaze kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo, ili bamba lisiinamie upande mmoja.

## Hatua ya 3: Vumbi na penseli, bila kufungua kitu

Kwa kitasa ambacho hakijawahi kutiwa mafuta, hatua hii mara nyingi inamaliza kazi.

Weka mdomo wa pampu ya baiskeli kwenye tundu la ufunguo, pampu mara kadhaa kwa nguvu. Geuza uso, maana vumbi linarudi na linaingia machoni. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji, na maji hayatakiwi humo.

Sugua ufunguo kwa brashi na spiriti, hasa mabonde kati ya meno, kisha uukaushe. Chukua penseli laini, paka meno yote na mifereji ya pande zote mbili mpaka ufunguo uwe mweusi wa kung'aa. Uingize na kuutoa mara kumi hivi bila kuzungusha, halafu zungusha taratibu kwenda na kurudi. Futa, paka tena, rudia.

Kama una unga wa grafiti, kiasi kidogo tu kinatosha. Kuujaza kwenye tundu hakuongezi ulaini, unajenga donge.

Umefaulu ukisikia pini zikipita moja baada ya nyingine, tik tik tik, na ufunguo ukaishia mwisho bila kusukumwa. Ukitoka na ute mweusi unaonata, silinda ilishatiwa mafuta. Grafiti juu ya mafuta inaongeza uji. Acha penseli, nenda hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Toa silinda

Piga picha ya mlango kutoka ndani, nje na ubavuni. Weka alama ya chaki upande wa silinda unaotazama nje, kwa sababu pande mbili zinaweza kutofautiana urefu.

Fungua skrubu ndefu ya ubavuni, ile iliyo usawa na silinda. Itoe yote, uiweke kwenye sahani.

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanavuta silinda, haitoki, wanachukua nyundo. Weka nyundo chini. Ufunguo ukitolewa, kidole cha katikati hubaki kimeinama upande na kushika kasha. Ingiza ufunguo, uuzungushe kidogo, chini ya robo mzunguko, huku ukivuta silinda polepole. Jaribu kulia, kisha kushoto. Kidole kikilala sawasawa na tumbo, silinda itateleza yenyewe. Ukivuta kwa nguvu kabla ya hapo utavunja kidole au kupinda kasha.

Silinda ikiwa mkononi, zungusha ufunguo utazame kidole. Kikizunguka imara, silinda ni nzima upande huo. Kikilegea au kikibaki nyuma, silinda imekufa, ruka hadi sehemu ya "Silinda isipopona".

Onyo moja ambalo nalisisitiza: mwisho wa kiini kuna kibati chembamba cha duara kinachokishika kisitoke. Usikitoe. Kiini kikiponyoka bila kifaa maalumu cha kukifuata, pini na springi zinaruka, na kila pini ina kijitundu chake. Ukizichanganya, ufunguo wako hautafungua tena. Fundi wa funguo mwenye vifaa anaweza kufanya kazi hiyo. Mwenye bisibisi na sahani jikoni, hapana.

## Hatua ya 5: Osha silinda

Kaa nje penye hewa, mbali na jiko la mkaa, kiberiti na sigara. Spiriti inawaka, na mchana wa jua kali moto wake hauonekani vizuri.

Geuza silinda tumbo likiwa juu. Sababu ni ileile ya vumbi: unataka uchafu ushuke kutoka kwenye vijitundu, uingie kwenye tundu la ufunguo, utoke. Ukiiosha ikiwa imekaa kama ilivyokuwa mlangoni, unausukuma uchafu ndani zaidi.

Jaza bomba kwa spiriti, pulizia kwenye tundu. Ingiza ufunguo na kuutoa mara kumi, futa ufunguo kwa kitambaa, tazama kilichotoka. Pulizia tena. Kwa silinda iliyolishwa mafuta kwa miaka, kitambaa kitakuwa cheusi mara nyingi kabla ya kuanza kufifia, kwa hiyo usikate tamaa baada ya mara mbili tatu. Ikiwa imeshikana kabisa, iloweke kwenye kikombe chenye spiriti kwa nusu saa, kisha uendelee. Osha pande zote mbili za silinda, hata kama upande wa ndani hausumbui.

Dawa ya kupulizia kama WD-40 inasaidia kulegeza uchafu mgumu, lakini huacha utando wa mafuta. Ukiitumia, malizia kwa spiriti mpaka utando utoke. Isiwe ndiyo kilainishi chako cha mwisho katika mji wenye vumbi hili.

Pampu hewa, kisha iache silinda kivulini penye hewa kwa saa moja. Usiharakishe. Grafiti ikiingia kwenye silinda yenye unyevu inaganda. Ikikauka, paka ufunguo penseli na urudie zoezi la hatua ya 3, safari hii silinda ikiwa mkononi.

Umefaulu ukiona ufunguo unaingia kwa kidole kimoja, unazunguka mzunguko mzima bila kusita, na ukitolewa unatoka na vumbi jeusi kavu lisilonata.

## Hatua ya 6: Kasha

Silinda ikiwa nje, sukuma ulimi wa mteremko kwa kidole. Ukirudi upesi na kikamilifu, kasha ni zima, na unaweza kuishia kwa kulipiga brashi na pampu hapohapo lilipo.

Ukirudi kivivu, fungua skrubu za mikono, toa mikono yote miwili pamoja na chuma cha pembe nne kinachoiunganisha, kisha fungua skrubu mbili za bamba la ubavuni na uvute kasha. Mara nyingi utakuta ndani vumbi la mbao tangu siku mlango ulipotobolewa, na wakati mwingine vipande vya plasta. Kung'uta, piga brashi, pulizia. Safisha na shimo la kwenye ubao pia, kwa sababu kasha likirudi kwenye shimo chafu umefanya kazi bure.

Paka grisi nyembamba sana pembeni mwa ulimi na komeo, na pale chuma cha pembe nne kinapopita. Futa ziada yote. Grisi inaruhusiwa hapa kwa sababu springi za kasha ni nene na zina nguvu, haziwezi kuzuiwa na utando mdogo kama zile nyembamba kama unywele zilizo kwenye silinda.

Kasha usilifungue. Springi iliyovunjika ndani yake haishonwi. Nunua kasha jipya, lakini pima kwanza: kutoka bamba la ubavuni hadi katikati ya silinda, na kutoka katikati ya chuma cha pembe nne hadi katikati ya silinda. Umbali wa pili huo huwa 72 mm au 85 mm kwa makasha mengi, nayo hayabadilishani bila kutoboa mlango upya.

## Hatua ya 7: Rudisha

Kasha kwanza, skrubu zake zikiwa zimeshika tu. Ingiza silinda ufunguo ukiwamo, kidole kikiwa kimelala, alama ya chaki ikitazama nje. Rudisha skrubu ndefu kwa mkono kabla ya bisibisi. Ikigoma kuingia, tundu la silinda halijalingana, sogeza silinda mbele au nyuma kidogo. Usiilazimishe, nyuzi zake zinaharibika upesi. Kisha mikono, kisha ukaze vyote kwa kiasi kama ulivyojifunza hatua ya 2.

Jaribu mara kadhaa mlango ukiwa bado wazi. Ukiridhika, acha mtu ndani ya nyumba akiwa na ufunguo wa pili, ndipo ufunge. Usifanye jaribio la kwanza ukiwa peke yako nje na funguo zote ziko mezani.

## Hatua ya 8: Mlango na fremu

Funga mlango, kisha uinue kwa mkono wa kitasa, au usukume, au uvute, huku ukizungusha ufunguo. Njia inayolegeza ufunguo inakuonyesha mlango umekwenda wapi. Ukilegea kwa kuinua, mlango umeshuka.

Ili uone kwa macho, paka chaki mwisho wa komeo, funga mlango, zungusha ufunguo mpaka komeo liguse fremu, kisha fungua. Alama ya chaki kwenye kibati cha fremu inaonyesha komeo linapogonga.

Anza na bawaba, hasa ya juu, ndiyo inayobeba uzito. Skrubu zikiwa zinazunguka bure kwenye mbao, weka ndefu zaidi, au ziba tundu kwa kijiti cha mbao chenye gundi na ufunge upya. Mlango mzito wa mninga ukipata skrubu fupi, kushuka ni suala la muda. Bawaba zikiwa sawa na bado komeo linagonga kwa milimita moja au mbili, panua tundu la kibati kwa tupa upande ulioonyeshwa na chaki. Kwenye fremu ya chuma utafanya hivyohivyo, itachukua muda zaidi. Bawaba za kuchomelea zikipinda, hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea.

Sasa angalia kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mbao zilizokauka miezi yote ya kiangazi hunyonya unyevu na kuvimba. Mlango unaobana Januari ukipigwa randa sana, Julai utakuwa na mwanya unaopitisha vumbi na panya. Randa kidogo tu, pale panapogusa, kisha paka rangi au vanishi ubavuni na hasa kwenye ukingo wa juu na wa chini ambao mafundi wengi huuacha mtupu. Ukingo huo mtupu ndio unaokunywa maji.

Kama nyumba imejengwa kwenye udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, pima fremu kona kwa kona. Vipimo viwili visipolingana, fremu yenyewe imehama. Tupa itakusaidia kwa msimu, lakini tafuta ufa ukutani na umwite fundi mwashi.

Umefaulu ukiweza kufunga kwa ufunguo bila kuinua, kuvuta wala kuegemea mlango.

## Hatua ya 9: Ufunguo

Kila nakala ina kosa dogo. Nakala ya nakala ina makosa mawili, na ya tatu inaweza kufika pale pini zinapokataa. Ufunguo wa asili uliokuja na kitasa uwe wa kuchongeshea tu. Ufunge kwenye bahasha, uuweke salama, utumie nakala kila siku.

Unapochongesha, iwe soko la Majengo, la Sabasaba au kwingine, kabla hujaondoka shika funguo mbili mgongo kwa mgongo, mabega (pale bapa linapokutana na kishikio) yakilingana, uzitazame dhidi ya mwanga. Vilele na mabonde yafuatane yote. Pitisha kidole kwenye meno: yakikwaruza, mwombe fundi ayasafishe kwa brashi ya mashine, kwa sababu vijichuma hivyo vitabaki ndani ya silinda yako. Ufunguo uliopinda usiunyooshe kwa koleo ukaendelea kuutumia. Chonga mpya.

## Silinda isipopona

Ikiwa imeoshwa vizuri na bado funguo zote, pamoja na ule wa asili, zinagoma, pini zimelika. Nunua silinda peke yake, kasha na mikono vibaki. Fanya hivyo pia ukihamia nyumba ambayo hujui funguo zake ngapi ziko kwa watu.

Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila mwisho: 30 kwa 30, 30 kwa 40, 35 kwa 35, kadhalika. Usipime urefu mzima pekee. Silinda ya 70 mm inaweza kuwa 35 kwa 35 au 30 kwa 40, na hizo si kitu kimoja. Chukua ya zamani uende nayo dukani. Upande wa nje isichomoze kwenye bamba zaidi ya milimita 2 au 3, maana iliyochomoza inashikika na mwizi.

Kama mlango hauna kioo karibu ambacho mwizi anaweza kukivunja na kupitisha mkono, napendelea silinda yenye kinobu upande wa ndani, kitufe cha kuzungusha kwa vidole badala ya ufunguo. Nyumba zetu zina grili kila dirisha, na nyumba ikishika moto usiku hakuna anayepaswa kutafuta ufunguo gizani. Mpangaji ahifadhi silinda ya zamani, airudishe siku ya kuhama.

## Ufunguo ukikatikia ndani

Usisukume kipande kwa ufunguo mwingine, na usitie gundi. Kwanza rudisha kiini kwenye mkao wa kutolea ufunguo, kwa bisibisi ndogo bapa ukikigeuza taratibu. Kikiwa kimegeuka hata kidogo, pini zimeshika kipande na hakitatoka. Pulizia spiriti. Ingiza ubapa wa msumeno mwembamba wa kukatia mbao za nakshi, meno yake yakielekea kwako, ukiuteleza kando ya kipande, kisha uvute. Rudia mpaka kisogee, umalizie kwa kibano. Vipande viwili ukivilinganisha, fundi mzuri anaweza kuchonga ufunguo mpya kutoka navyo.

## Lini urudie

Hatua ya 3 ifanye mwezi Mei kabla ya upepo kushika kasi, na tena Novemba kabla ya mvua. Mlango wa nje unaotazama barabara ya vumbi uongezee Agosti. Kuosha kwa spiriti kusubiri mpaka ufunguo uanze kutoka na kitu kinachonata. Hatua ya 8 ipitie mara moja mvua zikishakolea, mbao zikiwa zimevimba kadiri zitakavyovimba.

Waeleze na wenzako nyumbani, hasa anayebaki na funguo mchana, kwamba chupa ya mafuta haisogei karibu na mlango huo tena.